Mahali pa Mkeka Mmoja

Mejumaa Athmani alipinda leso kwa miaka thelathini na mmoja kwenye kibaraza cha duka moja la nguo, Biashara Street. Mteja akishachagua leso zake ndani, na muuzaji akishazikata mbili, alionyeshwa mlangoni akaambiwa, "Mpe yule mama akupindie." Yule mama ndiye Mejumaa. Cherehani yake ya miguu ilikaa kulia mwa mlango. Kushoto ilikaa ya Naomi Kahindi, mwanamke wa Rabai aliyehamia mji huu wa kisiwani alipoolewa. Wawili hao walikuwa wametazamana miaka kumi na minne, mpaka wakajua kuzungumza kwa nyusi pale kelele zilipozidi.

Na kelele zilizidi kila siku. Hamali na mikokoteni yao wakipiga miluzi wapishwe, tuktuk zikibanana na pikipiki, wauzaji wakiita wateja kwa vipaza sauti, mtu wa dawa ya kunguni akipita na sauti yake ya kurekodi isiyochoka. Mejumaa alikuwa akisema yeye hasikii kitu, masikio yamekwisha kuzoea. Masikio pengine yalikuwa yamezoea. Mwili haukuzoea.

Ilianza na pindo kwenda upande. Naomi aliona. Kisha Mejumaa akawa anasimama ghafla na kushika nguzo, akidai ameinukia vibaya. Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, jua likiwa limesimama katikati, alilaza kipaji cha uso juu ya leso ya mteja kama mtu aliyesujudu, asiinuke.

Naomi hakupiga kelele. Alimkamata mabega asianguke, akamwita hamali mmoja, wakampakia kwenye tuktuk. Njia nzima alikuwa akimpepea kwa kipande cha boksi.

Kliniki walimkuta daktari kijana, Mwikali, msichana mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alimpima mara mbili, kama asiyeamini mara ya kwanza.

"Mama, presha yako imepanda sana," alisema. "Ungekawia siku mbili tatu, sasa tungekuwa tunazungumza mengine."

"Yatoka wapi hiyo presha, na mimi chumvi sili?"

"Niambie siku yako inavyokwenda."

Mejumaa akamweleza. Swala ya alfajiri, chai, kupika cha mchana kabisa, saa mbili yuko njiani, saa tatu miguu iko kwenye cherehani. Magharibi ndipo arudi nyumbani Kibokoni, apande ngazi za ghorofa tatu, apike cha usiku, afue kama kuna cha kufua.

"Na kupumzika ni saa ngapi?"

"Nikilala."

"Kulala ni kulala, mama. Nauliza kupumzika." Daktari alivua miwani akaifuta. "Nyumba yako ina ua?"

Mejumaa alicheka kidogo. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili na dirisha linalotazama dirisha la jirani.

"Basi dawa nitakupa, lakini dawa ni nusu. Nusu nyingine utaitafuta mwenyewe. Mahali pa nje, penye upepo na kimya. Saa moja kila siku. Usishone, usimenye kitu, usizungumze habari za duka. Ukae tu."

Binti yake, Nasiha, aliyekuja mbio kutoka kazini kwake, aliyaandika maneno hayo kwenye simu kama vile nayo ni dawa. Mejumaa aliyasikia kama mzaha. Mtu mzima ataambiwaje akae?

*

Alianza kwa karibu. Jioni ya pili alishuka akaketi kwenye baraza ya mawe mbele ya nyumba yao, pembeni kabisa, buibui amelikusanya magotini. Baraza za mtaani ni za wanaume tangu hapo. Wapo waliozimiliki kwa kuzikalia miaka, na kila mmoja ana kona yake. Hakuna aliyemkataza, ila mazungumzo yao yalikatika, wakawa wanakohoa. Na wapitao njia wote walikuwa wakimjua. Masalkheri, Bi Mejumaa. Umzima? Twasikia uliugua. Hali sasa? Na ile leso yangu ya harusi utaimaliza lini? Ilipotimia robo saa alikuwa ameitikia salamu za mtaa mzima na kuahidi kupinda jozi nne. Alipanda ngazi zake akiwa amechoka kuliko alivyoshuka.

Jumapili Nasiha alimpeleka Mama Ngina, matembezini kando ya bahari. Huko upepo upo, tena wa bure, watoka bahari kuu moja kwa moja. Lakini Jumapili Mama Ngina ni mji wa pili. Watoto wakikimbizana, mihogo ikichemka kwenye karai, wapiga picha wakiwapanga maharusi, madafu yakikatwa. Mejumaa alifurahi kweli, alikula muhogo wa pilipili na ndimu, akatazama meli kubwa ikipita mlangoni mwa bandari karibu kiasi cha kuona watu juu yake. Akarudi nyumbani na furaha, na kichwa kikimgonga vilevile.

"Pale ni pa kutembea," alimwambia Nasiha. "Mimi nimeambiwa kukaa."

Akajaribu bustani ya karibu na zile sanamu za pembe za ndovu za barabara kuu. Miti mizuri, kivuli kizuri, lakini barabara iko kando, na mabenchi yana wenyewe wanaolala mchana. Akajaribu ufukoni chini ya Ngomeni, ile ngome ya kale, jua likamfukuza.

Naomi ndiye aliyetoa shauri lililofuata, akilitoa kwa kusitasita.

"Dada Mejumaa, kanisani kwetu kuna uwanja nyuma. Una miti ya asumini na benchi mbili. Katikati ya wiki hakuna mtu. Sijui wewe utaonaje."

Mejumaa alifikiri, mguu ukiendelea kukanyaga. "Mungu hatanikasirikia kwa kukaa kwenye benchi," alisema.

Basi wiki nzima, baada ya swala ya alasiri, Mejumaa alikaa nyuma ya kanisa na buibui lake. Mtunza uwanja alimletea maji ya kunywa siku ya kwanza, na siku ya tatu akamfutia benchi kabla hajafika. Palikuwa patulivu. Siku ya Alhamisi kwaya ikaja kufanya mazoezi, sauti nne na kinanda, wimbo mmoja ukirudiwa mara kumi na saba kwa sababu ya mstari mmoja tu. Ijumaa yake, nje ya duka la samli, mwanamke mmoja wa mtaa alimshika mkono akamvuta pembeni.

"Shoga, nasikia umebadili dini."

Mejumaa alimweleza Naomi habari hiyo wakacheka mpaka mteja akadhani anachekwa yeye. Lakini uwanja wa kanisa ukaishia hapo. Si kwa ajili ya maneno ya watu. Ilikuwa mbali kwenda kwa miguu, na kurudi alikuwa anaikimbilia magharibi, na kukimbia nako kulikuwa kunampandisha presha.

*

Siku alipopata mahali alipokuwa akipatafuta, hakuwa akitafuta. Alikuwa amepeleka leso za mteja nyumba moja ya Ndia Kuu, akakata njia kwenye kichochoro kinachoteremka majini. Nusu ya njia aliona mlango wa mbao, mkubwa, uliochongwa maua yaliyokwisha kuliwa na chumvi, na nyuma ya mlango hakuna nyumba. Kuna anga. Alitia jicho kwenye ufa.

Ndani palikuwa na kuta tatu zisizo na paa, vifusi vilivyoota majani, paka wawili, na katikati mti wa mkungu uliotandaza matawi yake kama mwavuli. Upande wa nne, nyumba ilikoanguka, palikuwa wazi. Maji ya mkono wa bahari yalionekana yote, na ng'ambo majumba ya Nyali. Alisimama hapo jicho ufani mpaka shingo ikamuuma. Kilichomshika hakikuwa maji. Alikuwa akisikia majani ya mkungu yakianguka. Mji mzima ulikuwa nyuma ya mgongo wake, na yeye alisikia jani.

Kila mtu mtaani alimjua mwenye kiwanja. Alikuwa Kamaludin, mzee wa miaka sitini na kitu mwenye duka la vitu vya kale hapo Ndia Kuu: masanduku ya njumu yenye nakshi za madini, birika za shaba, viti vya mpingo. Mtu wa heshima, mwenye maneno machache. Nyumba ilikuwa ya wazee wake, na iliporomoka mvua za miaka minane nyuma, ikiwa haina mtu ndani. Tangu hapo alitia kufuli, na hakuna aliyemwona akilifungua.

Mejumaa alimwendea asubuhi yake.

"Assalaam aleikum, Bwana Kamaludin."

"Wa aleikum salaam, Bi Mejumaa. Karibu. Wataka sanduku?"

"Nataka kukaa."

Kamaludin akavuta kiti.

"Si hapa. Kwenye kile kiwanja chako. Saa moja baada ya alasiri. Daktari ameniamuru."

Mzee alirudisha kiti polepole mahali pake. "Mle hamna kitu, bibi."

"Ndiyo sababu."

"Zile kuta ni mbovu. Likikudondokea jiwe, mimi nitamwambia nini mwanao? Nisamehe. Niombe kingine chochote."

Alisema kwa adabu, na uso umefunga. Mejumaa aliaga, akaenda zake. Lakini mtu aliyepinda leso miaka thelathini na mmoja amezoea kufumua na kurudia. Shemeji yake Naomi, Thoya, alikuwa fundi wa mawe, mjuzi wa nyumba za matumbawe na chokaa. Jumamosi Naomi alimleta. Thoya alizunguka kiwanja kwa nje, akagonga kuta, akachungulia kutoka kila upande palipochungulika, kisha wote watatu wakaenda dukani.

"Kuta mbili ni nzima, mzee, zitawazika wajukuu zetu," Thoya alisema. "Huu wa kaskazini ndio siuamini. Mtu akikaa upande wa mkungu, hata ukianguka haumfikii."

Kamaludin aliwatazama mmoja mmoja. Alifungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye kitambaa, akauweka juu ya sanduku la njumu.

"Mimi siingii," alisema. "Msiniite kuona chochote."

*

Hawakusafisha kiwanja. Kina Mejumaa hawakuwa na nguvu hizo, na hawakutaka kumtia mzee wa watu hofu kwamba wamekuja kukichukua. Walisafisha mahali pa mkeka mmoja chini ya mkungu. Walitoa mawe, wakafagia majani, wakatandika. Paka walihamia kwenye kifusi cha pili na kuwatazama kwa dharau.

Siku ya kwanza Mejumaa alikaa peke yake na hakujua afanye nini. Mikono ilitafuta kitu cha kushika. Aliokota jani akalikunja upindo, kisha akaona haya, akalitupa. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga. Aliushika goti, ukatulia, alipoachia ukaanza tena. Saa nzima mguu ule ulishona kitu kisichokuwepo.

Siku ya pili vilevile. Ya tatu alilala usingizi na kuamshwa na adhana ya magharibi, akarudi nyumbani mbio. Siku ya sita au ya saba ndipo alipogundua kwamba amekaa muda mrefu akitazama ngalawa moja iliyofungwa kwenye kigingi, jinsi inavyogeuka taratibu maji yakijaa, na kwamba mguu ulikuwa umenyooka juu ya mkeka, umetulia kabisa, kama wa mtu mwingine. Hakumwambia mtu. Alimshukuru Mungu, akakaa mpaka saa yake ikaisha.

Naomi alianza kuja naye siku za kazi chache. Akaja Swafia, jirani wa ngazi ya chini, na mtoto wake mchanga aliyekuwa halali mchana wala usiku. Mtoto alitazama majani yanavyotikisika, macho yakazidi kulegea, akalala, na Swafia mwenyewe akalala kando yake kabla hawajamaliza kuulizana hali. Ulitandikwa mkeka wa pili. Palikuwa na sharti moja tu, la daktari: habari za duka, za jikoni na za mawifi ziachwe mlangoni. Sharti la mawifi lilikuwa gumu zaidi.

Mwezi wa tatu Daktari Mwikali alimpima, akatazama kipimo, akapunguza dawa.

"Umepata wapi mahali?"

"Nimepewa," Mejumaa alijibu.

*

Masika yalianza mwezi wa nne na kukaza mwezi wa tano. Mvua ikinyesha hawakwenda, ikikatika walikwenda na kukausha mkeka. Siku hizo kufuli lilikuwa halifungwi tena, mlango ulisukumwa tu, kwa kuwa kila mmoja alikuja kwa saa yake. Mikeka waliiviringisha na kuisimamisha kwenye ukuta wa kaskazini, uliokuwa na kijisehemu cha zege kilichoikinga maji. Thoya aliwaambia wasikae karibu na ukuta ule. Hawakukaa. Kuweka mikeka hawakukuhesabu kuwa ni kukaa.

Jumatano moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikapoa saa kumi. Mejumaa alitaka kutoka, mteja akamshika na leso za maulidi, akachelewa. Aliteremka kichochoro mwavuli mkononi, maji yakimfika vifundoni. Aliona mlango umefunguliwa wazi. Halafu akaona kwamba ule ukuta wa kaskazini, uliokuwa ukionekana juu ya mlango, haupo.

Ndani, Kamaludin alikuwa amepiga magoti katika tope na kanzu yake nyeupe. Alikuwa akifukua. Aliinua jiwe, akalitupa nyuma, akainua jingine, na vidole vyake vilikuwa vinatoka damu. Kati ya mawe ilitokeza ncha ya mkeka.

"Bi Mejumaa," alikuwa akisema chini kwa chini. "Bi Mejumaa, itika."

"Niko hapa," alisema Mejumaa nyuma yake.

Mzee aligeuka. Alimtazama kama asiyemjua. Kisha akakaa chini palepale katika tope, mikono miwili juu ya magoti, na mabega yakaanza kumtikisika. Mejumaa hakujua la kufanya na mwanamume mzima, wala si nduguye. Alisogea akamwekea mwavuli juu ya kichwa.

"Nilisikia kishindo nikiwa dukani," Kamaludin alisema alipoweza kusema. "Saa yako ilikuwa imefika. Nilijua uko ndani."

"Mungu alinichelewesha, kakangu. Hakuna mtu ndani. Ni mikeka."

Mvua ilianza tena, nyembamba. Hakuinuka. Alitazama mkungu, mawe, maji ng'ambo, akivitazama vyote kwa zamu kama anayesalimia.

"Mamangu alikuwa akikaa pale ulipoweka mkeka," alisema. "Kila alasiri. Ulikuwa ua wa ndani, na mkungu ulikuwa mdogo, kimo cha mtu. Majirani zake wote walikuwa wakija, kina mama wa nyumba hizi. Kahawa, udi, vicheko. Mimi, kwa kuwa mwanamume, nilikuwa nabisha hodi nyumbani kwetu."

Mejumaa aliusogeza mwavuli umfunike na mabega.

"Nyumba ilipoanza kutoa nyufa nilimhamisha. Nikampeleka kwangu ghorofani, kuna lifti, kuna kila kitu. Hakutaka. Nilimbeba, Bi Mejumaa, nilimbeba mikononi kumtoa humu. Nyumba ikaanguka mwezi uliofuata, watu wakanipongeza. Lakini yeye hakuishi hata mwaka. Kila alasiri aliniuliza, 'Leo uani wamekaa kina nani?' Nami kila siku namjibu, hakuna, mama, hakuna, nyumba imeanguka. Kila siku. Sikuwahi hata mara moja kumdanganya kwa wema."

"Ulimwokoa," Mejumaa alisema.

"Nilimwokoa. Na nikamnyima."

Yalikuwa kweli yote mawili, na mzee mwenyewe alikwisha kuyapima miaka minane. Mejumaa alimsaidia kuinuka. Alimfunga vidole kwa kitambaa chake cha mkononi, na wakapanda kichochoro pamoja, yeye na mwavuli wake, mzee na kanzu yake ya tope, mbele ya macho ya Ndia Kuu nzima, ambayo ilipata cha kuzungumza wiki mbili.

*

Siku tatu mlango ulikuwa na kufuli. Mejumaa aliona akarudi. Alidhani yamekwisha, na moyoni alimpa haki yake. Siku ya nne Kamaludin alikuja mwenyewe Biashara Street, jambo ambalo lilikuwa halijapata kuonekana. Alisimama kati ya cherehani mbili, hamali wakimpigia miluzi apishe.

"Yule fundi wenu, Thoya," alisema. "Namtaka."

Thoya alifanya kazi mwezi mzima, masika yalipokatika. Mawe ya ukuta ulioanguka aliyajenga upya kwa chokaa, kimo cha kiuno tu, ili mtu aliyekaa aone maji pande mbili. Kwa mawe yaliyobaki alijenga baraza ndefu kuzunguka mkungu. Kamaludin alikuja kila asubuhi kumsimamia, na kwa kweli hakusimamia chochote. Alikaa juu ya kifusi na kumweleza fundi chumba gani kilikuwa wapi, nani alizaliwa katika kipi. Alipomaliza habari za vyumba alianza kuokota mawe madogo na kumpa.

Baraza ilipokauka, alimwambia Mejumaa maneno mafupi: mlango ataufungua yeye mwenyewe kila siku baada ya alasiri, na ataufunga kabla ya magharibi. Ni pa kina mama, wa mtaa na wa popote. Wanaume wana baraza zao nje. Na ukuta wowote wa kutiliwa shaka asiuone Thoya peke yake, auone na yeye.

"Na wewe?" Mejumaa alimuuliza. "Utakuwa na wale wanaume wa nje?"

"Mimi nitabisha hodi," Kamaludin alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo hata sasa. Si bustani. Hakuna maua isipokuwa kidogo alichopanda Naomi kwenye makopo, na asumini yake moja imekataa kukua. Siku za kaskazi huwa na harufu ya samaki kutoka bandari ya kale. Siku nyingine huja watu wengi, ikawa soko, na Mejumaa huinuka akaenda zake mapema amekasirika. Lakini Mejumaa anafika, presha yake iko mahali pake, na ameacha kushona siku za Jumatano kabisa, jambo ambalo mwenye duka alilipinga kwa siku mbili kisha akalizoea.

Juzi Daktari Mwikali alimpigia simu.

"Mama, nina mgonjwa hapa. Anafanya kazi ofisi moja ya meli. Nimempa dawa. Nikamwambia atafute mahali akae, akanitazama vile ulivyonitazama wewe."

"Mlete," Mejumaa alisema.

Alikuja msichana mrefu anayeitwa Beryl, viatu vya ofisini mkononi kwa sababu ya mawe ya kichochoro, simu mbili kwenye mkoba. Alisalimia kila mtu kwa Kiswahili chake cha Kisumu, akasema ana nusu saa tu, ana kikao, bosi anamsubiri. Kina mama walisogea. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. Swafia alimmiminia kahawa, akainywa kwa haraka kama anayemaliza kazi, akatazama maji, akatazama simu, akatazama maji. Mejumaa alikaa kando yake. Baada ya kitambo aliona kichwa cha msichana kimeegemea shina la mkungu na mdomo umefunguka kidogo.

Nusu saa ikapita. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba, ikanyamaza. Kina mama wengine walikunja mikeka yao taratibu, wakaaga kwa kupunga mikono, mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba za Ndia Kuu na kivuli kikafika ukingo wa maji.

Kamaludin alibisha hodi taratibu, akatia kichwa mlangoni na ufunguo wake. Mejumaa aliweka kidole mdomoni pake, akamwonyesha. Mzee alimtazama yule mtoto wa watu aliyelala, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Akarudi nje, akauvuta mlango usipige kelele, na kuketi kwenye kizingiti kungoja.